Kijia kisichochorwa kwenye ramani ya msitu

Pita msitu wa Karura, Nairobi, Jumamosi asubuhi uone umati: wakimbiaji, waendesha baiskeli, wazazi na vigari vya watoto, mbwa na wenyewe. Kisha nenda kwenye kikao cha kupanga matumizi ya msitu wa aina hiyo, siku ya kazi saa nne asubuhi. Utawakuta wafuga nyuki, akina mama wa vitalu vya miche, wafugaji na maafisa. Wale wa Jumamosi hawapo. Siku wakikuta njia yao imezibwa kwa magogo, watasema hawakuulizwa. Mara nyingi waliulizwa, ila tangazo lilibandikwa ukutani kwenye ofisi ya chifu.

Tangu Sheria ya Misitu ya 2005, na sasa ile ya 2016 iliyochukua nafasi yake, jamii inayopakana na msitu wa umma nchini Kenya inaweza kusajili chama cha jamii cha msitu, ambacho wote hukiita CFA (Community Forest Association), na kutia sahihi mkataba na Huduma ya Misitu ya Kenya, KFS. Kifungu cha 49 kinataja haki za matumizi zinazoweza kuingizwa kwenye mkataba huo: asali, kuni, nyasi na malisho, mitishamba, na pia utalii wa mazingira na burudani. Kwa hiyo kutembea msituni kumo kwenye orodha moja na mzinga wa nyuki. Tofauti ni kwamba mfuga nyuki ana kikundi, mwenyekiti na kiti kwenye kamati. Mtembezi ana viatu tu.

Basi nyinyi watembezi, ili vijia vyenu viingie kwenye mpango wa msitu, anzeni na kikundi cha watumiaji ndani ya CFA. CFA husajiliwa chini ya Sheria ya Vyama na ina katiba yake. Someni kwanza nani anakubaliwa kuwa mwanachama, kwa sababu sheria inawalenga wakazi wa eneo husika. Kundi la waendesha baiskeli wanaotoka upande wa pili wa jiji halitafika mbali bila watu wanaoishi karibu na lango.

Kazi yenyewe iko kwenye ramani. Mpango wa usimamizi, ule unaojadiliwa kwenye vikao, huugawa msitu katika kanda: uhifadhi, mashamba ya miti ya kukatwa, urejeshaji wa uoto, matumizi ya jamii, burudani. Kosa ninaloliona sana ni kanda ya burudani kuchorwa kama kipande kidogo karibu na lango, penye meza za pikiniki, huku kilomita zote ambazo watu hutembea zikiangukia kanda nyingine bila kutajwa. Hakuna aliyekusudia ubaya. Mchora ramani alitumia picha ya setilaiti, na vijia vilivyofunikwa na miti havionekani kutoka juu.

Vichoreni nyinyi. Simu yenye GPS inatosha, lakini chini ya miti mirefu hupotoka kwa mita kadhaa, kwa hiyo tembea kila kijia kwenda na kurudi, ulinganishe mistari miwili. Andika upana kwa utepe wa fundi, mahali panapovuka mto, panapotuama maji, na nani hupita: miguu, baiskeli, farasi, wachanja kuni. Rudi tena katikati ya masika, maana kijia cha Februari na cha Aprili si kimoja. Kama msitu una makutano yenye namba, kama Karura, tumia namba hizo. Afisa ataelewa haraka kuliko ukimtumia viwango vya latitudo.

Pima na mwinuko, kwa sababu hoja ya kwanza ya kufunga njia huwa mmomonyoko, na mara nyingi ni hoja ya kweli. Kijia kinachopanda mita 10 kwa kila mita 100 bado kinavumilika. Kikizidi hapo kwenye udongo mwekundu wa Nairobi, mvua hukigeuza mfereji. Na hata kikiwa chini ya hapo, mwinuko wake ukizidi nusu ya mteremko wa kilima chenyewe, maji hayavuki njia, yanaifuata. Watu hukwepa tope pembeni, njia ya mita 1 inakuwa ya mita 4, na miche inakanyagwa. Ukiandika "msifunge njia yetu" umeandika kilio. Ukiandika kwamba mita 60 kati ya makutano fulani na fulani zihamishwe zikate mteremko kwa upole, na kipande cha zamani kizibwe kwa matawi, umempa afisa kitu cha kubandika kwenye jedwali la shughuli la mpango.

Soma pia vitenzi vya rasimu ya mpango. "Matumizi ya njia yatadhibitiwa" inaweza kumaanisha lolote. Dai iandikwe nani anafunga, kwa sababu zipi, kwa muda gani, na tangazo linawekwa wapi. Njia inayopita shamba la mikaratusi inayokaribia kukatwa ifungwe, sawa, lakini mpango useme itafunguliwa lini na nani atarekebisha makorongo ya malori. Mizinga nayo iwekwe mbali na njia. Nyuki wakishambulia watu, kitakachofungwa ni njia.

Kwenye kikao, angalia karatasi ya mahudhurio. Sahihi yako hapo inaweza kusomwa baadaye kama ridhaa. Andika kando yake "maoni yangu yameambatishwa", ukabidhi maoni kwa maandishi, nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa. Ukinyimwa rasimu, andika barua chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Sheria yenyewe inaruhusu Kiswahili, na ofisi ina siku 21 kujibu. Wakikataa, una siku 30 kupeleka malalamiko kwa Commission on Administrative Justice, ile tume ya Ombudsman.

Mipaka ya msitu ni habari nyingine. Kuibadili kunahitaji ombi Bungeni, chini ya kifungu cha 34, na hapo vita huwa vya wazi kama vile vya mwanamazingira Wangari Maathai, alipopinga Karura kunyakuliwa, mwaka 1999. Ada na usimamizi wa lango navyo huzua mivutano: Karura hiyohiyo, mwaka 2025, suala la malipo kuhamishiwa eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo mtandaoni, lilifika mahakamani. Lakini kijia kimoja hakiwezi kusubiri mahakama.

Mpango ukishaidhinishwa, omba nakala ya mwisho pamoja na viambatisho, maana ramani huwa huko nyuma kabisa na wengi huikosa. Weka mistari yako juu yake. Palipo na kijia chako na ramani haina kitu, mwandikie mkuu wa kituo cha misitu wiki hiyohiyo, ukiambatisha ile nakala yenye muhuri.