Kodi ya Nyasi Kusini mwa Jiji

Mwezi uliopita wanachama wa chama chetu cha kuweka akiba tulikwenda Kitengela, kusini mwa Nairobi, kuangalia viwanja vya futi hamsini kwa mia ambavyo tulikuwa tumeanza kuvichangia. Bikoni za mipaka zilikuwa zimeshawekwa. Kwenye seng'enge ya shamba la jirani zilining'inia singa ndefu nyeusi za mkia, zimejisokota kwenye mwiba wa waya, na mzee aliyekuwa akichunga mbuzi hapo aliniona nikizishika. "Huyo ni nyumbu, binti yangu," akaniambia. "Alikuwa anafuata njia yake ya zamani." Tangu siku hiyo sijaweza kutoa mchango wangu wa kiwanja.

Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 117 tu, na ni upande wake wa kusini, kwenye Mto Mbagathi, ambao haujazungushiwa ua. Mvua zinaponyesha, nyumbu na punda milia huvuka kwenda tambarare za Athi na Kaputiei, ambako nyasi ni fupi na zenye lishe, kisha hurudi mbugani wakati wa kiangazi kwa sababu ya maji. Kwa hiyo mbuga hiyo tunayojivunia huishi kwa kutegemea ardhi ya familia za Wamaasai, ambazo zilipata kila moja hatimiliki yake baada ya ranchi ya jamii kugawanywa mwishoni mwa miaka ya 1980.

Mwaka 2000 ulianzishwa hapo mpango wa kuzilipa familia hizo kodi ya takriban dola 4 kwa ekari kwa mwaka, kwa sharti kwamba zisiweke ua, zisichimbe mawe, zisiuze ardhi kwa vipande wala zisiwinde wanyama, huku mifugo yao ikiendelea kulisha kama kawaida. Jambo ninalolisifu zaidi ni ratiba ya malipo: fedha zilitolewa mara tatu kwa mwaka, karibu na kufunguliwa kwa shule. Mwenye kuishi kwa mifugo anajua kwamba Januari ikimkuta bila karo, atauza ng'ombe kwa bei ya kutupa, na kama ukame umeshawamaliza ng'ombe, atauza ardhi. Kodi hiyo haikungoja mvua.

Hata hivyo, hesabu yake inauma. Mwenye ekari 100 alipata dola 400 kwa mwaka, kiasi ambacho hakifikii hata bei ya kiwanja kimoja cha hamsini kwa mia, ilhali ekari moja hutoa viwanja kama vinane. Wanunuzi wa viwanja hivyo ni sisi wa Nairobi, na mpango uliotegemea wafadhili haungeweza kushindana na vyama vyetu.

Kwingineko fedha zimetafutwa kwenye soko la kaboni, ambako kampuni hulipia hewa ya ukaa inayozuiwa isiingie angani. Kasigau, katika vichaka vikavu vilivyo kati ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, hewa ya ukaa inayobaki mitini huuzwa kama hati za kaboni tangu mwaka 2011, na sehemu ya mapato husaidia basari na maji. Marekebisho ya mwaka 2023 ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya Kenya yameweka angalau asilimia 40 kuwa mgao wa jamii katika miradi ya kaboni ya ardhini. Kwa Kitengela, naona njia iliyo karibu zaidi ni kutenga sehemu ya kiingilio cha mbuga kwa ajili ya wenye ardhi, kwa mkataba wa miaka mingi, kwa kuwa wanyama tunaolipa kuwaona ni wao wanaowalisha.

Jumapili niliomba mchango wangu uelekezwe kwenye nyumba katika mtaa uliokwisha kujengwa. Mama mweka hazina alinyamaza kidogo, akaniuliza kama nyumbu wangetusaidia kupata mahali pa kulala. Nilimjibu kwamba mahali pa kulala tunaweza kupapata pengine, lakini nyumbu hana pengine pa kuzalia. Ombi limeandikwa kwenye kumbukumbu, na litajadiliwa mwezi ujao.