Wageni wa Hezekia

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Neno la wiki hii ni Isaya 38 na 39, habari za Hezekia mfalme wa Yuda, pamoja na Zaburi 116:12. Naomba msome sura zote mbili za Isaya kwa mkao mmoja. Mimi kwa miaka mingi nilikuwa naishia ya 38, kwenye uponyaji, nafunga Biblia nikiwa nimefurahi.

Wengi wenu mnajua baba alivyougua, maana ninyi ndio mliokesha nasi. Kwa ambao hawakuwepo: alfajiri moja mama alimkuta ameketi chini penye migomba, jasho linamtoka na baridi yote ile ya mlimani, hawezi kusimama. Kumbe kwa siku tatu alikuwa akipata choo cheusi kama lami na hakumwambia mtu. Hospitali walipompima, wingi wa damu ulikuwa 4.8 tu, chini mno. Kidonda cha tumbo kilikuwa kimekula hadi kwenye mshipa. Daktari akauliza mzee anatumia dawa gani. Mama akafungua mkoba, akatoa diklofenaki, zile za magoti, ambazo baba amekuwa akijinunulia duka la dawa mwaka baada ya mwaka. (Kama nyumbani kwako yupo mzazi anayezimeza kila siku bila daktari kujua, mpeleke akaonwe. Usingoje mwisho wa tafakari hii.)

Usiku ule aliongezewa damu chupa tatu. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki ubavuni mwa kitanda, na kwa kuwa sikuweza kumtazama baba usoni, nikawa nautazama ule mfuko. Uliandikwa kundi la damu, namba ndefu, tarehe iliyotolewa na tarehe ya mwisho kutumika. Jina hakuna. Nikaushika mkono wake. Kucha zilikuwa nyeupe kama karatasi. Kwenye saa kumi alfajiri, chupa ya pili ikielekea kuisha, nikaona wekundu kidogo chini ya ukucha wa kidole gumba. Nilidhani ni taa. Nikasubiri, nikatazama tena. Ulikuwa wekundu kweli.

Asubuhi wakampitishia kamera tumboni, wakaufunga mshipa uliokuwa unavuja. Baada ya siku tisa tulirudi naye nyumbani, akiwa ameshika mfuko wa dawa wa rangi ya kaki.

Sasa turudi kwa mfalme. Hezekia alianza kutawala akiwa na miaka 25, akatawala 29. Ukipiga hesabu, ugonjwa ule ulimpata akiwa na miaka kama 39. Ni kijana kabisa. Aliambiwa na nabii Isaya atengeneze mambo ya nyumba yake kwa maana atakufa. Akageuza uso ukutani, akaomba, akalia sana. Kitabu cha pili cha Wafalme kinasema Isaya alikuwa hajafika mbali aliporudishwa na neno jipya: miaka 15 imeongezwa. Na nabii huyo huyo aliyeleta neno ndiye aliyeagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Hapa huwa nashukuru moyoni, maana wapo wanaotaka tuchague kati ya maombi na kamera ya daktari. Isaya hakuchagua.

Kisha inakuja sura ya 39. Wajumbe wanatoka Babeli, wamesikia kwamba mfalme alikuwa mgonjwa na amepona. Mambo ya Nyakati wa Pili, sura ya 32, inaongeza kwamba walitaka kuuliza habari za ile ajabu iliyotendeka katika nchi. Yaani wamesafiri mbali kuuliza juu ya uponyaji. Mwenyeji wao akawaonyesha nini? Fedha, dhahabu, manukato, mafuta mazuri, nyumba ya silaha. Hakuna kitu katika nyumba yake ambacho hakuwaonyesha. Na sura hiyo hiyo ya Nyakati inasema neno ambalo limenikosesha usingizi: Hezekia hakurudisha kwa kadiri alivyofadhiliwa.

Wapendwa, lazima niseme. Baba aliporudi nyumbani, wageni walijaa. Majirani, watu wa kwaya, ndugu kutoka Arusha na Dar. Wakakaa uani, wakauliza, “Ilikuwaje?” Mimi na kaka zangu tukajibu. Tulieleza gharama ya kipimo. Tulieleza gari tulilokodi usiku na bei yake. Tulieleza nani alimpigia nani mpaka tukapata kitanda. Nilijisikia nikiyasema hayo kwa sauti ya kujivuna, na mama akainuka kimya akaenda jikoni. Watu wamekuja kuuliza habari za ajabu, sisi tunawatembeza ghalani.

Baba yeye hakuwa akizungumza sana. Lakini siku ya nane tangu arudi, alimtuma mjukuu akakate isale. Ninyi wa hapa mnajua jani la isale likifungwa fundo na kupelekwa kwa mtu maana yake nini. Kwa ndugu walio mbali: ni kuomba msamaha, na mtu wa huku kulikataa isale ni jambo zito mno. Baba na baba mdogo walikuwa hawajasalimiana tangu nikiwa kidato cha pili, kwa ajili ya mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, hatua chache tu zenye mibuni sita. Baba ni mkubwa kwa kuzaliwa. Kwa desturi angeweza kungoja afuatwe. Alivaa koti, akashika fimbo kwa mkono mmoja na isale kwa mkono wa pili, akateremka kwenye mfereji akivuka mawe polepole. Nilitaka kumshika mkono, akanikataza. Baba mdogo alikuwa anapukuchua mahindi barazani. Alipomwona, mahindi yakamponyoka. Hawakusema lolote kwa muda. Baba mdogo akalipokea jani kwa mikono miwili, akamwita mkewe alete kiti.

Mazungumzo yao yalipofika kwenye habari ya mibuni, sikuwepo. Nilikuwa nimesogea kando, silii kirahisi lakini siku ile nililia.

Katika wimbo wake Hezekia aliimba hivi: “Aliye hai, naam, aliye hai, ndiye atakayekusifu, kama mimi leo, Baba atawajulisha watoto kweli yako.” Manase mwanawe alianza kutawala akiwa na miaka 12, baada ya baba yake kufa. Maana yake mtoto huyu alizaliwa ndani ya ile miaka 15 ya nyongeza. Na Manase akajenga upya mahali pa juu pa kuabudia miungu, ambapo baba yake alipabomoa. Sitaki kumhukumu Hezekia kwa dhambi za mwanawe, Maandiko yenyewe hayafanyi hivyo. Ila najiuliza katika miaka ile kulikuwa na jioni ngapi za baba na mtoto, na ngapi za wageni na ghala. Siku hizi kila Jumamosi napanda nyumbani bila haraka. Nimejua katika miezi hii miwili mambo ambayo sikuyajua kwa miaka 41: bibi alibatizwa na nani, mti gani wa matunda ulipandwa siku nilipozaliwa.

Kuna jambo moja sijalimaliza moyoni. Kitanda cha jirani na baba alikuwa mzee mwingine, na binti yake alikuwa akiomba kwa sauti kuliko sisi sote. Usiku wa nne mzee yule alifariki. Binti alikunja shuka zake, akatuaga, akamwombea baba apone. Ndiyo maana Jumapili nitakaposimama na sadaka ya shukrani, sitasema baba alipona kwa sababu tuliomba sana. Nitasema alipona, na tunashukuru. Wamo ibadani waliomwomba Mungu kama sisi na wakazika. Shukrani yangu isiwe mkuki kwao.

“Nimrudishie BWANA nini kwa ukarimu wake wote alionitendea?” Wiki iliyopita nilikwenda kuchangia damu, kwa mara ya kwanza. Wanapima uzito, usiopungua kilo 50, wanachoma kidole kuangalia wingi wa damu, wanakuuliza maswali, unalala. Wanaume tunaruhusiwa kila baada ya miezi mitatu, wanawake minne. Dada yule akabandika karatasi kwenye mfuko wangu: kundi, namba, tarehe.

Tuombe.

Ee Bwana, kuna mtu aliyelala kwenye kitanda kama kile, siku tusiyoijua, akaamka akanywa soda akaenda zake kazini. Hajui baba yetu ni nani. Sisi hatumjui jina. Wewe unamjua. Mkumbuke nyumbani kwake leo, na wazazi wake kama wangali hai. Mfariji yule binti wa kitanda cha jirani. Na baba na baba mdogo, Jumatatu wanapoanza kuvuna ile mibuni sita pamoja, uwape nguvu ya magoti. Amina.