Tunavyolala kwenye mabanda ya Mlima Kenya mvua na jua

Watu wakisikia tulikuwa Chogoria, upande wa mashariki wa Mlima Kenya, mwezi wa nne huwa wananiuliza kwani nyinyi mko sawa kweli, mlimani si watu huenda Januari na Februari, labda na Agosti. Kwa mtu anayepanda mpaka juu nakubali, kilele cha Lenana ni mita 4,985 na huko mvua hugeuka theluji na si mahali pa kubahatisha. Lakini sisi hatuendi kileleni. Sisi tunaenda kulala kwenye yale mabanda ya mbao, nyumba ndogo za wageni, karibu na geti la Chogoria, kama mita 3,000 hivi, mimi na mume wangu na watoto, na mara nyingine mamangu mzazi, mtu wa Mombasa kabisa aliyepita miaka sabini. Tumeshaenda wakati wa masika, vuli, kusi na kaskazi na naweza kusema kwa moyo wote hakuna msimu ambao hapafai, kinachobadilika ni utakachofanya ukiwa pale.

Kitu kilichonisaidia zaidi ni kuelewa kwamba mlima huu uko karibu kabisa na ikweta kwa hivyo tofauti ya mchana na usiku ni kubwa kuliko tofauti ya mwezi na mwezi. Yaani saa nane mchana mtoto anakimbia na fulana, saa tatu usiku mvuke unamtoka mdomoni. Basi mimi siangalii kalenda nikifungasha, naangalia usiku. Na kuna jambo watu hawaamini mpaka wayaone wenyewe, usiku wa Januari ndio unaouma kuliko wa Aprili, manake Januari mbingu iko wazi na joto lote la mchana linapotea juu, asubuhi nyasi nje ya banda zimeganda nyeupe. Aprili mawingu yanafunika kama blanketi, utalowa sawa lakini hutetemeki vile. Kwa hivyo Januari nabeba blanketi nyingi na kofia za sufu za kulalia, Aprili nabeba nguo za kubadilisha na gambuti za kila mtu.

Moto. Mabanda yana mahali pa kuwasha moto ndani na dohani yake, kuni tunanunua pale pale, na mimi huuliza mapema zile zilizokaa chini ya paa maana wakati wa mvua kuni mbichi itakutoa machozi usiku mzima. Na hapa naomba mnisikize vizuri. Jiko la makaa halilali ndani ya chumba kilichofungwa, hata kama limebaki jekundu kidogo tu na halitoi moshi wowote unaouona. Ile hewa yake haina harufu, mtu analala na haamki, na kila baridi ikiingia Kenya tunasikia nyumba imepoteza watu hivyo. Mzee mmoja wa pale alituambia siku ya kwanza, "Mama, jiko libaki nje. Mkiona baridi mniite nije niongeze kuni." Tukashika hiyo. Badala yake tunajaza maji ya moto kwenye chupa ngumu, tunaifunga na soksi, inawekwa miguuni chini ya blanketi, mamangu huweka mbili, moja ya miguu moja ya kifuani.

Sasa chakula, na hapa ndipo nilipopambana kweli. Ukiwa mita 3,000 maji yanachemka kabla hayajafika joto la huku chini, ni kama digrii 90 tu, kwa hivyo unaona mapovu yanaruka lakini maharagwe yamelala pale pale kama ulivyoyaweka. Githeri kavu ukianza kuipika kule utamaliza kuni zote na watoto watalala na chai. Mimi siku hizi mbaazi nachemsha nyumbani Nairobi mpaka zilainike kabisa, nagandisha kwenye mfuko, zinayeyuka njiani tukipita Embu na Chuka, na kule nakoroga tu na tui na chumvi na pilipili mbichi. Mahamri nayakaanga nyumbani pia, asubuhi nayaweka kwenye sufuria kavu yenye mfuniko karibu na moto, ndani ya muda mfupi yameinuka tena laini na hiliki inanukia banda zima. Mamangu akishapata mbaazi na mahamri husema haidhuru tuko wapi. Mafuta yake ya nazi ya nywele yalikuwa yameganda chupani jiwe kabisa, ikabidi ayaweke karibu na moto ndio yatoke, wajukuu wakashangaa wakamwambia, "Nyanya, mafuta yamekuwa barafu."

Kuhusu ziwa, lile tunaloweza kufika na watoto ni Lake Ellis, liko karibu mita 3,450, na kuna trauti, samaki walioletwa na wakoloni. Kaskazi tunaenda na gari linalovuta miguu yote minne mpaka karibu, halafu tunatembea polepole, na tunatoka mapema sana kwa sababu ikifika saa nne saa tano asubuhi ukungu unapanda kutoka upande wa Meru na vilele vinapotea, hata Batian yenyewe, kilele cha juu kabisa, hutaiona tena mpaka labda jioni. Kuna watu wanaotaka kufika Lake Michaelson kule bondeni, hiyo waachie wenye miguu na mpagazi. Masika sijaribu kwenda Ellis, ile njia ya juu ya geti inakuwa tope tupu, basi tunabaki kwenye uwanja wa mabanda na huo ndio wakati watoto wamependa zaidi, nyati wanakuja kula nyasi mbele ya dirisha, mbega kwenye miti, na usiku perere, mnyama mdogo wa mitini, anapiga ule ukelele wake mpaka wageni wanadhani kuna mtu anachinjwa. Usitoke nje gizani bila kumulika kwanza na tochi, nyati hawana mzaha, na ndovu pia hupita.

Kiangazi kikiwa kirefu hatuwashi moto wowote nje ya banda. 2012 na 2019 moto uliunguza eneo kubwa la nyasi za juu huko mlimani na inaniuma nikifikiria, ule mlima ndio unatoa maji ya Tana na Ewaso Nyiro, mamilioni ya watu wanakunywa kutoka pale.

Mambo madogo ambayo yatakuokoa: kiingilio cha KWS, shirika la wanyamapori, unalipa kwa eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, lipa ukiwa bado Chogoria mjini kwenye mtandao manake kutoka pale mpaka getini ni kama kilomita 30 za msitu na simu inakwama. Mtoto akisema kichwa kinauma kwa ule urefu wa mlima, maji mengi na apumzike, kikizidi mshushe chini usingoje asubuhi. Na kama mvua unaiogopa kabisa nenda upande wa Sirimon karibu na Nanyuki, kule ni kukavu zaidi, ingawa mimi msitu wa Chogoria siubadilishi na kitu.

Vuli hii tunaenda tena, dada yangu na wanawe wamesema wanakuja kutoka Kilindini, nimewaambia kila mtu blanketi mbili na soksi za sufu, mbaazi nitachemsha mimi.