Sitaha moja, kazi mbili: ugomvi wa nafasi kwenye manowari za ndege za Vita vya Pili

Wanaopenda manowari za kubebea ndege za Vita Vikuu vya Pili hubishana sana kuhusu kasi ya ndege na uzito wa mabomu. Kwangu, kilichoamua mengi zaidi ni nafasi. Sitaha ya wakati ule ilinyooka kutoka tezi hadi omo. Ndege zikipangwa nyuma tayari kuruka, hakuna ya kutua. Zikitua na kuegeshwa mbele, hakuna ya kuruka. Kubadilisha mpangilio ni kusukuma ndege moja moja kwa mikono au kwa trekta ndogo.

Kwenye safu ya kuruka, za mbele ni ndege za kivita, yaani za kupigana na ndege nyingine, kwa kuwa ni nyepesi na zinatosheka na mbio fupi. Hufuata za kupiga mbizi, zinazoshuka wima na kuangusha bomu, kisha za topido, bomu linalokwenda majini, ambazo zinahitaji sitaha karibu yote. Meli hugeukia upepo na kuongeza mwendo. Ikienda maili za bahari 25 kwa saa kuukabili upepo wa 10, ndege inayohitaji 70 ili iinuke imeshapata nusu kabla magurudumu hayajazunguka. Bahari ikitulia, ndege nzito hupunguziwa mzigo au hurushwa kwa manati. Na upepo ukitoka upande usio wa adui, meli humpa adui mgongo hadi kazi iishe.

Kutua ndiko kulikotisha. Ofisa mmoja husimama pembeni mwa tezi, upande wa kushoto, na vibao viwili mkononi, akimwonyesha rubani kama yuko juu mno, chini mno au anakwenda polepole mno. Akipitisha kibao shingoni, rubani anaondoa nguvu ya injini papo hapo, na kulabu ya mkiani inadaka mmojawapo wa waya zilizokingama sitahani. Ikizikosa zote, inavaana na vizuizi vya nyaya za chuma: propela inapinda, lakini rubani huwa hai. Balaa ni ndege inayodunda ikavuka vizuizi na kuangukia zilizoegeshwa mbele, zenye petroli ndani. Corsair, ndege ya kivita ya Kimarekani iliyotumiwa pia na Waingereza, ilikuwa na pua ndefu iliyomficha rubani sitaha, na miguu iliyodunda. Waingereza walizoea kuileta kwa kupinda, ili rubani aione sitaha kwa pembeni hadi karibu na kugusa.

Mabawa nayo yaliamua nafasi. Wildcat ya F4F-4, ndege ya kivita ya Marekani, ilikunja mabawa kutoka mita 11.6 hadi 4.4 hivi, na vikosi vya ndege za kivita kwenye manowari za Marekani vikapanda kutoka ndege 18 hadi 27 kabla ya pigano la Midway kati ya Marekani na Japani. Dauntless, ndege ya Marekani ya kupiga mbizi, haikukunja kabisa. Zero, ndege ya kivita ya Japani, ilikunja ncha tu, sentimita 50 kila upande, ili ienee kwenye lifti. Corsair za Waingereza zilikatwa ncha za mabawa, kwani zikikunjwa kwenda juu ziligusa dari la banda la chini ya sitaha, ndege zinamohifadhiwa.

Mabanda hayo yalikuwa madogo kwa sababu ya chuma. Illustrious ya Uingereza ilikuwa na sitaha ya chuma cha milimita 76, na ilisanifiwa kubeba ndege 36 tu. Essex ya Marekani, yenye sitaha ya mbao na banda lililo wazi pembeni, ilibeba takriban 90. Mei 1945 Formidable, yenye sitaha ya chuma kama ya Illustrious, ilipigwa na ndege ya kujitoa mhanga na ikapokea ndege tena baada ya saa chache. Wiki moja baadaye Bunker Hill, ya aina ya Essex, ndege zake zikiwa sitahani na petroli na mabomu, ilipoteza karibu watu 400. Hata hivyo ningechagua Essex. Ndege nyingi za kivita angani huzuia mashambulizi ambayo chuma kinaweza kuyastahimili tu.

Midway, tarehe 4 Juni 1942, huelezwa kama kosa la Nagumo, amiri wa manowari za Japani, la kubadilisha silaha za ndege zake. Ni kweli nusu tu. Ndege zake za akiba zilikuwa mabandani, huku sitaha zikidaiwa na ndege zilizorudi kutoka kisiwani na Zero za ulinzi zilizoshuka kuongeza risasi. Kupandisha na kupanga kundi la kushambulia kulitaka zaidi ya nusu saa mfululizo, na nusu saa hiyo haikupatikana. Mabomu ya Dauntless yalipofika, mabanda ya Kijapani yalikuwa yamefungwa pande zote: mlipuko haukuwa na pa kutokea, na ndege zenye mafuta na topido zikaendelea kuungua. Kwenye banda la Kimarekani, mapazia ya chuma ya pembeni yangefunguliwa, na mabomu kutupwa baharini.

Ufumbuzi ulikuja vita vimekwisha. Mwaka 1952 Waingereza walichora mistari ya mshazari kwenye sitaha ya Triumph na kuijaribu, na mwaka huohuo Antietam ya Marekani ikajengewa sitaha halisi ya namna hiyo. Ndege inayokosa waya huongeza nguvu na kuzunguka tena, bila kuelekea zilizoegeshwa omoni.