Mstari mweupe

Juzi nilikuwa natoa upinde kwenye mfuko wake. Tarehe 1 Oktoba msimu wa pinde unafunguliwa hapa Michigan, na wenye bunduki wanakaa kungoja mpaka 15 Novemba, kwa hiyo ni wakati wangu wa kubadilisha upote na kujifanya mwindaji. Binti yangu akauchukua, akaugeuzageuza, akauliza: "Baba, mbona huku mstari mweupe uko kushoto, na huku uko kulia?"

Miaka tisa upinde huo uko nyumbani, na hakuna aliyewahi kuniuliza hilo.

Niliutengeneza kwa Mzee wa nyumba ya tatu, yule wa mbwa wawili. Habari za kuchonga mshikio naziruka. Ilikuwa wiki nzima ya vumbi na malengelenge. Ninayoikumbuka ni Jumamosi ya kuchagua vinia, zile karatasi za mbao za kupambia upinde.

Alikuwa na kabati la droo pana na nyembamba, na ndani ya kila droo karatasi za mbao, nyingi hazifiki hata milimita moja. Akavuta ya kwanza: mbao ya mistari kama punda milia, ya kutoka Kameruni. Ya pili ilikuwa nyekundu ya kuelekea chungwa, inawaka. "Hii usiipende sana," akasema, "jua litaigeuza kahawia." Ya tatu ilikuwa na mafuta yake ya asili, gundi haiishiki mpaka uifute kwanza kwa asetoni. Na kila mara alirudia kwamba hakuna hata moja kati ya hizi itakayousukuma mshale. Kazi hiyo ni ya vipande vya mbao ya maple vya katikati na faibaglasi ya juu na chini. "Vinia ni ya macho yako, siku umekaa juu ya mti tangu alfajiri na kulungu hajapita."

Droo ya chini kabisa ilikuwa na mafungu yasiyonunuliwa. Moja lilikuwa la rangi ya vumbi, halina mvuto wowote, limeandikwa kwa kalamu: MUNINGA.

Nikacheka peke yangu. Mzee akanitazama, akachovya kitambaa kwenye spiriti, akapitisha juu ya ile karatasi mara moja, polepole, kutoka mwisho hadi mwisho. Ndivyo wanavyofanya, maana vinia ikiwa kavu haikuonyeshi itakavyokuwa ikishalala chini ya kioo cha faibaglasi. Ikalowa. Mlango wa chumba cha bibi, Tabora, ukatokea pale mezani. Kahawia ile ile yenye wekundu kwa ndani, mishipa ile ile inayopinda kama njia ya ng'ombe, na pembeni ukanda mweupe ambao seremala wa kwetu angeukata autupe. Nikakumbuka pia kisiki cha muninga tulichokikuta tukitoka shule, kinachuruzika maji mekundu, sisi tukaapa mti umeuawa. Doa lilibaki kwenye shati langu mpaka shati lenyewe likaisha. Spiriti ikakauka kwa sekunde kadhaa, na karatasi ikarudi kuwa ya rangi ya vumbi.

"Futa tena," nikamwambia. Akafuta mara nne, bila kuuliza.

Nikachukua karatasi mbili zilizofuatana kwenye gogo moja, ili mkono wa juu na wa chini wa upinde ifanane. Ule ukanda mweupe nikaomba ubaki. Mzee akachora alama ya chaki kwenye ncha za upande wa mshikio, akanionya nisigeuze hata moja.

Siku ya kugandisha mambo yalikwenda mbio. Gundi ya epoksi inateleza kama bamia, kila kitu kimefungwa utepe wa karatasi kisichafuke, mpira wa maji wa zimamoto unajazwa upepo kukandamiza yote kwenye kalibu, kisha sanduku la joto. Huoni kitu mpaka kesho yake utepe ubanduliwe. Nilipoubandua, mkono wa juu ukanda ulikuwa kushoto. Wa chini, kulia.

Mzee akainua upinde kwenye mwanga wa dirisha. Akasema, "Umenyooka vizuri." Basi.

Na huyu ni mtu aliyekuwa akiona alama ya penseli iliyopinda akiwa upande wa pili wa karakana. Siku ile alisimama begani kwangu wakati nikipanga zile karatasi. Siamini kwamba hakuona. Labda aliona gundi imeshaanza kukaza, akaona bora anyamaze. Labda aliona kosa lisilogusa mshale si kosa. Au alitaka nijifunze, japo sijui nini hasa. Kulungu hadi leo hapiti.

"Si umpigie umuulize?" binti yangu akasema.

Alihamia Florida kwa mwanawe. Namba yake ninayo.