Waya wa Kijani na Manjano

Swali lilinijia kwa simu, Ijumaa moja ya Agosti 2014, saa kumi alasiri, nikiwa na mikono yote miwili ndani ya gitaa la mtu mwingine. Wakati huo nilikuwa na kibanda cha ufundi karibu na soko la Kibuye mjini Kisumu, nikilehemu jeki zilizolegea, nikisafisha vitufe vya sauti vilivyoingia vumbi na kubadilisha nyuzi za wale walioogopa kuzibadilisha wenyewe. Lakini kazi iliyonila saa nyingi zaidi, na ambayo haikuniletea hata shilingi, ilikuwa kujibu maswali. Kwa nini pedali yangu, kile kijiboksi cha kukanyaga kinachobadilisha sauti ya gitaa, haiwaki? Kwa sababu umeichomekea adapta ya kinanda ambayo chanya yake iko katikati, ilhali pedali nyingi hutaka volti 9 zenye hasi katikati. Kwa nini gitaa langu likiingia moja kwa moja kwenye miksa, ile mashine ya kuchanganyia sauti, linasikika kana kwamba limefunikwa blanketi? Kwa sababu pikapu, yaani kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi za gitaa, ni dhaifu na hutaka kuingia mahali penye ukinzani mkubwa, omu 1,000,000 hivi kama zilivyo ampu (vikuza sauti) nyingi, na tundu la kawaida la miksa lina omu 10,000 tu au zaidi kidogo, kwa hiyo sauti za juu humezwa njiani. Niliyajibu haya huku nikiendelea na kazi, bila kuinua kichwa, na nakiri kwamba nilipenda sana kuonekana mjuzi.

Aliyepiga simu alikuwa mpiga solo wa bendi moja ya benga, mzee wa miaka sitini na ushei, ambaye wenzake wote walimwita Jaduong', yaani mzee kwa Kijaluo, nami nikamwita vivyo hivyo. Aliimba na kupiga solo kwa wakati mmoja, jambo ambalo si wengi wanaliweza, na ampu yake ilikuwa ya valvu, zile chupa za kioo kama za redio za zamani, kuukuu, iliyotengenezwa Marekani na kupitia mikono ya mafundi wengi kabla ya kumfikia. Anayeijua benga anajua kwamba hufika mahali katikati ya wimbo waimbaji wakanyamaza, gitaa la solo likabaki likikimbia peke yake juu ya besi kama nyatiti, ala ya nyuzi ya Wajaluo, ilivyokimbia kabla yake, na hapo ampu ikiwa na mvumo hakuna pa kuuficha.

“Fundi, ampu inalia kama mzinga wa nyuki,” alisema. “Nikichomoa gitaa, bado inalia. Kijana wa miksa akichomoa waya wake, inanyamaza.”

Kwa maswali ya mvumo, mtu hapati maelezo bora kuliko hayo. Kama mvumo ungekufa alipochomoa gitaa, ningeishuku pikapu au waya wake. Kwa kuwa ulikufa pale tu ampu ilipotenganishwa na miksa, nilijua bila kuondoka kitini kwamba ampu ilikuwa imechomekwa kwenye soketi moja na miksa kwenye nyingine mbali nayo, kila kimoja kikiwa na waya wake wa ardhi, na kwamba ule waya wa sauti uliopita kati yao, ambao ganda lake la nje nalo limeunganishwa na ardhi, ulikuwa umefunga duara. Ndani ya duara la namna hiyo umeme mdogo huzunguka ukifuata mapigo ya umeme wa nyumbani, ambayo kwetu Kenya ni 50 kwa sekunde, ukajipenyeza kwenye sauti. Dawa yake inayofaa ilikuwa kwenye rafu yangu: kijiboksi chenye transfoma ndogo, ambacho hupitisha sauti na kukata duara. Nilikuwa nakiuza shilingi 2,500.

“Hiyo labda tukishalipwa Jumapili,” akasema.

Sikutaka kumwacha bila jibu, na hasa sikutaka kuwa fundi ambaye kila jibu lake lina bei. Nikamwambia afungue plagi ya ampu kwa bisibisi, ataona waya tatu. Ule wa rangi ya kijani na manjano autoe kwenye skrubu yake, aufunge utepe mweusi, kisha afunge plagi. Baada ya dakika kumi akapiga tena. Nyuma yake nilisikia gitaa, safi, bila hata chembe ya mvumo, naye akacheka na kuniombea baraka za Mungu. Nikarudi kwenye kazi yangu nimefura kama andazi.

Niliyomwambia sikuyabuni mimi. Wapiga gitaa wamekuwa wakielekezana hivyo miaka na mikaka, na ubaya wa ushauri huo ni kwamba unafanya kazi. Katika plagi yetu ya pini tatu, waya wa kahawia huleta umeme, wa bluu huurudisha, na ule wa tatu hukaa bure siku zote ukingoja siku ambayo umeme utaliparamia bati la kifaa, ili uutoroshee ardhini kabla haujapata mtu. Watu wengi huudharau. Nimewaona wengi wakisukuma kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya pini mbili iingie, na mimi mwenyewe nimefanya hivyo. Kwa mpiga gitaa, hata hivyo, waya huo una uzito zaidi, kwa kuwa ndani ya gitaa la umeme nyuzi huunganishwa kwa waya hadi kwenye jeki, na jeki hadi kwenye bati la ampu. Anayeshika nyuzi ameshika bati la ampu usiku kucha.

Jumamosi saa nne usiku mpiga ngoma wao alinipigia. “Fundi, Jaduong' amepigwa na stima kwenye mdomo.”

Sikumbuki nilivyofunga kibanda. Nilichukua mita, bisibisi na koleo, nikadandia bodaboda, tukashika barabara ya Nairobi hadi klabu iliyoko upande wa Nyamasaria. Nilimkuta ameketi juu ya kreti ya soda nyuma ya jukwaa, kitambaa chenye barafu mkononi, mdomo wa chini umevimba na katikati yake pana alama nyeupe, ndogo, ya mviringo, kama ya tundu moja la wavu wa maikrofoni. Gitaa lilikuwa limelala sakafuni alipolirusha. Aliniangalia kwa muda, kisha akasema polepole, kwa shida ya ule mdomo, “Lakini mvumo haukurudi, Fundi.”

Hakuwa akinidhihaki. Alikuwa akinipa taarifa, kama mteja mwema anavyotakiwa, na ingalikuwa afadhali mara kumi angenitukana.

Nilipotazama jukwaa nilielewa kwa nini Ijumaa walifanya mazoezi bila tatizo na Jumamosi mambo yakaharibika. Ule waya uliotoka ampu hadi miksa haukuwepo tena. Kijana wa miksa, kwa hiari yake, aliuondoa akasimamisha maikrofoni mbele ya spika ya ampu, njia ambayo wengi huipenda kwa sababu sauti hutoka na uzito wake wote. Alichofanya kilikuwa sahihi kabisa, na laiti kingefanywa Ijumaa kingekata lile duara na kuumaliza mvumo bila mtu kugusa plagi. Ila, nilipomwamuru mzee atoe waya wa ardhi, bati la ampu lilibaki na njia moja tu ya kufika ardhini, nayo ilikuwa ganda la waya ule wa sauti, kupitia miksa. Kijana alipouondoa, ampu ilibaki inaelea, haina njia ya ardhini. Maikrofoni ya kuimbia nayo ilikuwa imeunganishwa na ardhi barabara, kama inavyostahili. Mzee alishika nyuzi kwa mikono, akasogeza mdomo aanze ubeti, akawa yeye ndiye waya.

Nilipima. Kwenye soketi mita ilisoma volti 232. Nikaweka ncha moja kwenye wavu wa maikrofoni na nyingine kwenye uzi wa sita wa gitaa, bila kugusa chochote kwa vidole, ikasoma 219. Mpiga besi, aliyekuwa ameinama begani kwangu, alirudi nyuma hatua mbili.

Mwaka 1972 kulikuwa na mpiga gitaa wa Uingereza, Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows, aliyekufa jukwaani mjini Swansea aliposhika maikrofoni ambayo haikuwa imeunganishwa na ardhi ipasavyo. Kisa hicho sikukisoma baada ya siku ile. Nilikuwa nakijua tangu zamani, na wateja niliwahi kuwasimulia, nikitikisa kichwa kwa masikitiko.

Niliichomoa ampu, nikaifungua hapo hapo juu ya meza ya bia. Kwanza nilizimaliza chaji kepasita zake kubwa kwa kupitisha rezista, maana katika ampu za valvu hizo huweza kuhifadhi mamia ya volti hata baada ya kuchomolewa, na usiku ule mtu mmoja kupigwa kulikuwa kunatosha. Karibu na pale waya wa umeme ulipoingilia nilikuta kitu kidogo cha kahawia, ukubwa wa punje ya njugu, kimepasuka ubavuni na kutoa nta. Kilikuwa kepasita iliyounganisha umeme wa ukutani na bati la ampu. Ampu nyingi za zamani za Marekani ziliwekewa hiyo makusudi, enzi za plagi za pini mbili, ili kupunguza mvumo. Kwao umeme ni volti 120. Fundi fulani wa zamani alikuwa ameibadilisha transfoma ili ampu ivumilie 240 zetu, akaweka na plagi ya pini tatu, kisha akaiacha kepasita ile ile mahali pake ikibeba mara mbili ya mzigo wake, hadi ikaanza kuvuja. Naamini mzee hakufa kwa sababu ilikuwa inavuja tu, volti zikiwa karibu zote lakini umeme uliopita ukiwa mdogo; kama ingekuwa imeungua na kuungana kabisa, umeme wa ukutani ungempitia bila kizuizi.

Kulikuwa na jambo lililoniuma kuliko yote. Ule umeme uliovuja, kwa muda wote waya wa ardhi ulipokuwa mahali pake, ulikuwa ukishukia ardhini na kuzidisha mvumo uliomkera mzee. Ampu ilikuwa inalalamika juu ya ugonjwa wake, nami nikamfundisha mwenyewe jinsi ya kuiziba mdomo.

Nilikata kepasita ile kwa koleo nikaitupa mfukoni. Kisha nikafungua plagi. Waya wa kijani na manjano ulikuwa umekunjwa vizuri pembeni, ncha yake imezungushiwa utepe mweusi mara tatu na kukatwa kwa mkasi, si kwa meno kama sisi mafundi tunavyofanya. Alikuwa amefuata maneno yangu kwa uangalifu wa mtu anayemwamini daktari. Ilinichukua muda kuubandua utepe ule. Nikaurudisha waya chini ya skrubu yake, nikauvuta kuhakikisha umeshika, nikapima tena kati ya nyuzi na maikrofoni. Sufuri.

Nikamwendea mzee, nikamweleza yote niliyoyaeleza hapa, pamoja na lile la kwamba kosa lilikuwa langu na wala si la kijana wa miksa, ambaye tayari wenzake walikuwa wameanza kumsema. Alisikiliza hadi mwisho. Akauliza kama mvumo utarudi, nikamwambia hapana, maadamu ile maikrofoni itabaki mbele ya spika. Akainuka, akaokota gitaa lake, akalifuta kwa shati, akalivaa begani. Halafu akalivua tena, akanikabidhi.

“Wewe kwanza, Fundi.”

Ampu iliwashwa. Nilishika nyuzi zote sita kwa mkono wa kushoto, nikasogea kwenye maikrofoni iliyokuwa bado ina harufu ya bia na pumzi za watu, bendi nzima ikinitazama, nikaweka mdomo kwenye wavu na kuuacha hapo hadi mzee aliponigonga begani akidai gitaa lake.