Siku moja na Popi chini ya cherehani

Saa 11:30 alfajiri. Popi kaamka kabla yangu. Nasikia kucha zake sakafuni, mlangoni na kurudi, mlangoni na kurudi. Ana miezi 10, mwili wa mbwa mkubwa na akili ya mtoto. Analia. Nangoja anyamaze, hata kwa pumzi tatu tu, ndipo nafungua mlango. Nikifungua akilia, nimemfundisha kwamba kulia ndiko kunakofungua.

Saa 12. Matembezi. Zamani nilimkimbiza nikiamini akichoka atatulia. Kumbe nilikuwa namwongezea stamina, na tukirudi damu bado inamchemka. Siku hizi tunakwenda polepole, kamba ndefu, anusie kila kichaka apendavyo. Nusu saa ya kunusa imemtuliza kuliko saa nzima ya mbio.

Saa 2 asubuhi. Nakaa kwenye cherehani, mkeka wake pembeni. Mfukoni nina vipande vya nyama, kila kimoja kidogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Simwambii "lala". Nashona tu, jicho moja likiwa kwake. Anazunguka, anavuta pindo la kitambaa, ananiwekea miguu mapajani. Nageuza uso. Mwishowe anajibwaga mkekani. Naweka kipande chini, katikati ya miguu yake ya mbele, bila neno lolote. Nikimpa juu atainuka, nikimsifu kwa sauti atachangamka.

Baadaye kiuno kinaegemea upande, kidevu kinagusa mkeka, anashusha pumzi ndefu. Hapo napeleka viwili.

Jambo hili lilinichukua miezi kulielewa, na bado linaniuma. Nilikuwa namsemesha anapokosea tu. Akilala kimya, nilimpita kama kiti. Akivuta kitambaa, nilimwita jina, nikamtazama, nikamshika. Kwa mbwa mwenye hamu na watu, yote hayo ni malipo. Utulivu wake ulikuwa haumlipi chochote.

Saa 4. "Hodi!" Popi anaruka kabla sijainua kichwa. Ivan Pavlov, Mrusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wa mmeng'enyo wa chakula, aliona mbwa wake wakidondosha mate kwa ishara tu, chakula hakijafika. Kwa Popi, hodi ni ishara ya vurugu: watu, vicheko, mikono kichwani. Ndiyo maana jioni mwanangu hubisha hodi taratibu, haingii mtu, nami naweka kipande mkekani. Tunarudia mara tano, basi.

Leo mteja aliinama na kumwita kwa furaha, naye akamrukia gauni.

"Dada, naomba usimtazame mpaka miguu yote minne iwe chini."

Alisimama kimya, ametazama ukutani. Popi aliruka mara nyingine tatu, kwa nguvu kuliko mwanzo. Huwa hivyo: tendo lililozoea kumletea kitu lisipomletea tena, kwanza hulizidisha. Kisha akakaa. Ndipo dada wa watu akamgusa kifuani, polepole.

Saa 7 mchana. Namweka chumba cha nyuma, pazia limeshushwa. Mbwa mzima huhitaji usingizi wa kama saa 12 hadi 14 kwa siku, na huyu asipolazwa halali.

Saa 11 jioni. Saa ngumu kuliko zote. Watoto wamerudi, anakimbia kuzunguka meza, anang'ata soksi. Niliwahi kudhani ni ukaidi, hadi nilipoona ni uchovu, kama wa mtoto aliyekosa usingizi. Nampa mpira mgumu wa kutafuna, maana kutafuna na kulamba humshusha, na nimewaomba watoto wakae chini dakika kumi. Wamekubali, wamechukua madaftari.

Kama mbwa wako amebadilika ghafla na hatulii hata usiku, mpeleke kwa daktari wa mifugo kabla ya mkeka. Mimi nilianzia huko, kwa sababu maumivu na mwasho havifundishiki.

Saa 3 usiku. Nazima cherehani. Kimya. Namtafuta mkekani, hayupo. Yuko chini ya meza, ubavu mzima sakafuni, miguu ikitikisika ndotoni. Kipande cha mwisho kilikuwa tayari mkononi. Nikakirudisha mfukoni.